Panya Aliyeacha Kuogelea

Msiniulize njia ya kwenda Usitulie. Wengi waliofika huko hawakukusudia, na waliokusudia hawajafika bado. Mimi ni katika hao wa kwanza. Nitasimulia nilichokiona, na pale nilipokasirika nitasema nimekasirika, maana sikujaliwa kuficha.

Kwanza mnijue: mimi ni mtu wa kukaa. Kwetu nina benchi langu, kahawa yangu, na wenzangu wa kubishana nao. Tukiondoka pale huwa tumeshayamaliza mambo yote ya dunia, na hakuna hata moja lililotengenea. Basi nilipoingia mji mkuu wa nchi ile, miguu imeniwaka, nikaona kizingiti kizuri chenye kivuli, nikaketi. Sijamaliza hata kushusha pumzi, watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Bwana mmoja aliyebeba kikapu mkono wa kushoto, huku wa kulia ukizunguka hewani kama wa mtu apigaye kasia, akaniinamia.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Limekuanza lini?"

"Lipi?"

"Hilo la kukaa."

Kabla sijamjibu, wakaja askari wawili wakirukaruka, na hata waliposimama mbele yangu hawakuacha kurukaruka. Wakaninyanyua kwa adabu, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, wakanipeleka hospitali.

Njiani ndipo nilipoona vizuri. Hakuna aliyetulia katika mji ule. Wauza nyanya walipima kwa mizani wakichezesha miguu. Wapishi wa maandazi walikoroga hata sufuria tupu. Maharusi walipigwa picha wakikimbia, na picha zilizoning'inizwa kwenye duka la mpiga picha zilionyesha ukungu mweupe na ukungu mweusi vimeshikana mikono. Nilicheka. Kisha tukapishana na kundi la watu waliovaa nguo za msiba, wanakwenda mbio, wanalia kwa pumzi za vipandevipande, na mbele yao mjane ameshikwa mikono ili asije akapunguza mwendo. Hapo kicheko kilinikauka. Kwetu matanga hukaliwa. Kule hukimbiwa.

"Ni sheria," akaniambia askari wa kulia. "Anayetapatapa ni mzima. Anayetulia ni mgonjwa wa moyo, na serikali yetu ina huruma, haimwachi mgonjwa."

Juu ya mlango wa hospitali yamechongwa maneno makubwa: MFA MAJI HAISHI KUTAPATAPA. Kwetu methali hiyo tunamwambia mtu aliyeishiwa, anayeshika hata nyasi. Wao wameiweka mlangoni kama sifa.

Nilipokelewa na Daktari Siwema, mtafiti mkuu wa ubongo katika nchi ile, mama wa makamo mwenye miwani mizito na koti jeupe lililofifia viwikoni. Mbele ya askari alikuwa akipunga mkono mmoja, polepole, kiasi cha kutosheleza sheria tu. Walipotoka akafunga mlango, akateremsha mkono ule kama mtu anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani.

"Kaa," akasema.

Nikatazama huku na huku.

"Kaa, baba. Kile pale kigoda. Huna ugonjwa, una uchovu. Ukitoka nje chezesha kidole kimoja. Kidole kimoja kinatosha kisheria."

Nilimpenda mama yule papo hapo. Nikamuuliza, kwa hasira niliyokuwa nimeibeba tangu kwenye ule msiba, ni mwendawazimu gani aliyeitunga sheria ya namna ile. Hakukasirika. Alinionyesha mtungi mrefu wa kioo uliokuwa mezani, una maji nusu.

"Imetoka humu," akasema. "Mwalimu wangu, Profesa Kitwana, alitaka kujua huzuni inakaa wapi katika ubongo. Sasa huzuni huipimi kwa rula, na panya hawezi kukwambia leo nimeamka vibaya. Akamtia panya mtungini. Panya akaogelea, akaogelea, halafu akaacha, akaelea na pua juu. Profesa akasema: haya, hapo amekata tamaa. Nikimpa dawa naye akaogelea zaidi, basi dawa ile ni tumaini."

"Na nyinyi mkakubali?"

"Usimcheke. Hakuwa mjinga. Alikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, akatoboa tundu dogo, akachungulia. Kosa si tundu. Kosa ni kusema kwamba dunia nzima ina ukubwa wa tundu lile."

Siwema alikuwa mwanafunzi wake mwerevu kuliko wote, na ujana wake wote aliumalizia juu ya mtungi ule. Hakwenda harusini, hakwenda ngomani. Mama yake alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake ameolewa na panya. Hatimaye akapata dawa, akaiita mchapuko. Panya waliopewa mchapuko waliogelea mpaka watazamaji wakachoka. Nchi ikashangilia. Akavishwa nishani, na mtaa ukapewa jina lake.

"Na iliwasaidia watu," akaniambia, akinikazia macho. "Hilo nalo uliandike. Wapo waliokuwa hawawezi hata kuinua kijiko, wakainuka. Lakini wakubwa wakakipenda kile kipimo kuliko walivyowapenda wagonjwa. Mkubwa hupenda kipimo anachoweza kukisoma akiwa mbali. Wakakitoa mtungini, wakakimwaga barabarani. Anayetapatapa mzima, anayetulia mgonjwa. Siku hiyo mimi nilikuwa jukwaani, napigiwa makofi."

Akaniambia nimfuate uani. Huko, chini ya paa la mabati, alikaa mwanamume mwembamba anachambua mchele kwenye ungo. Alikaa hasa, amekunja miguu, wala kidole hakikucheza ila cha kutafuta mawe.

"Karibu, mgeni," akasema. "Uniwie radhi, siinuki. Nimekawia sana kukipata kikao hiki."

Huyu alikuwa Feruzi, mdogo wake Siwema, zamani mwalimu wa shule. Mkewe, Mishi, alifariki kwa homa. Feruzi alikataa kuyakimbia matanga yake, akakaa chini sakafuni kando ya kitanda kitupu, na majirani, kwa upendo kabisa, wakaita askari. Akapewa mchapuko, dawa ya dada yake mwenyewe. Tangu hapo hakutua. Alikula akizunguka meza, alilala akipiga mateke, alifundisha akikimbia ubaoni mpaka watoto wakaanza kumwogopa.

"Niliukimbia msiba wa mke wangu mpaka nikasahau aliyekufa ni nani," akaniambia, bila kuacha mchele. "Nilikuwa najua nakimbia tu. Ukiniuliza jina, ningekutajia la barabara."

Nilichutama nikamsaidia kutoa mawe.

Siwema, kumwona nduguye katika hali ile, alirudi maabara na kuutazama mtungi upya, kama mtu anayesoma tena barua aliyodhani ameielewa. Akagundua jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Panya aliyewahi kuopolewa kwa mkono wake, akatiwa tena kesho yake, aliacha kuogelea mapema. Panya mgeni, ambaye hajawahi kuopolewa na mtu, ndiye aliyetapatapa mpaka mwisho. Hakulala wiki nzima. Kisha akaanza kazi upya, mwanzo kabisa, mvi zimeshamjaa, akatengeneza dawa nyingine. Aliiita tuo.

"Haiondoi msiba," akasema. "Sijapata dawa ya kuondoa msiba, wala siitafuti. Hii inamtuliza mtu kiasi cha kuweza kukaa nao."

Nchi ile ina desturi moja ambayo naikubali, nami si mwepesi wa kukubali: mtunga dawa huanza kuijaribu nyumbani kwake, kwa damu yake mwenyewe. Basi Feruzi alipewa tuo kwa kibali halali. Asubuhi moja alisimama katikati ya mateke yake, akaketi, akasema "Mishi," akalia mpaka adhuhuri. Kisha akaomba chai, na kuuliza kama jirani yao mwenye goti bovu alikwishapona. Kwa Siwema ile ilikuwa ndiyo siku kubwa ya kazi yake yote. Kwa sheria ilikuwa ushahidi kwamba dawa ni sumu, kwani mgonjwa amekaa.

Kesi ilikuwa kesho yake ya siku ile niliyofika. Tuo ikishindwa ingechomwa moto, na Feruzi angerudishwa kwenye mchapuko, safari hii dozi maradufu.

"Wakinirudisha," Feruzi akasema, "naomba mtu mwingine amshike Mishi. Mimi nitamdondosha tena."

Siwema akageuka, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

Asubuhi niliongozana nao, kidole changu kikicheza. Baraza la Wepesi, ndiyo mahakama yao, halina kiti hata kimoja, na mkuu wake huitwa Mwenyekiti. Nililitaja jambo hilo kwa karani wa mlangoni. Hakuona ajabu yoyote. Katikati ya ukumbi kuna bwawa la marumaru lenye kina kinachompita mtu mrefu, na kando yake fito ndefu zenye kulabu. Wazee wa Baraza husimama kulizunguka bwawa, wote wanapiga makasia hewani. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo, mzee mkubwa wa mwili, macho mekundu, mabega yamemshuka kwa uchovu wa umri mzima. Mikono yake ilikuwa ikizunguka tu, pengine hata usingizini huzunguka.

Panya aliletwa katika mtungi, amepewa tuo. Akaogelea kidogo, akaacha, akaelea, masharubu yametulia juu ya maji. Ukumbi ukanung'unika.

"Amekata tamaa," akasema mzee mmoja mwembamba, sauti kali. "Kila mwenye macho anaona."

"Anaelea, mheshimiwa," akasema Siwema.

"Kuelea ndiko kukata tamaa."

"Amezimia akiwa macho," akachangia mwingine. "Labda dawa inalevya tu."

"Mpeni mbegu muone kama amelewa," Siwema akajibu. Wakamwopoa, wakampa mbegu ya alizeti. Panya akaishika kwa mikono miwili, akaibambua ganda, akaila, akasafisha uso. Akarudishwa majini, akaelea tena. Nilikaribia kumpigia makofi.

"Basi kama hakulewa na hakukata tamaa," akauliza Mwenyekiti, "amefanya nini?"

"Amejua."

"Amejua nini?"

"Kwamba mkono utakuja, mheshimiwa. Jana ulikuja. Mwenye kujua kwamba ataopolewa, ya nini kujimaliza nguvu? Miaka yote tulikuwa tukimwona aliyekwisha kuamini, tukasema huyu ni mgonjwa. Tukamwona aliyeingiwa na hofu, tukasema huyu ndiye mzima."

Kikazuka kicheko. Yule mzee mwembamba alicheka mpaka kasia lake likapoteza mwendo. "Panya ana imani! Kesho daktari atatuletea panya imamu!" Wakabishana muda mrefu kama panya anaweza kukumbuka jana, na kama jana ya panya inatambulika kisheria. Mmoja akasema ikiwa panya aliyetulia ni mwenye busara, basi wao wote waliosimama pale ni nini? Nilimwona Mwenyekiti akimtazama msemaji yule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tumefika mwisho wa panya," hatimaye akatamka Mwenyekiti. "Sheria inasema panya akileta ubishi, aulizwe mtu. Mtieni mgonjwa bwawani. Mpaka mchanga utakapokwisha kwenye chupa ya kupimia muda. Akitapatapa, dawa imefaulu. Akitulia, imeshindwa."

Siwema akapauka. Hakujua kama watafika huko. "Mheshimiwa, ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana tunaamini kwamba utasema kweli," akajibu Mwenyekiti, na sidhani alikusudia ukatili.

Feruzi alivua viatu, akavipanga vizuri ukingoni. Siwema alimshika mkono. Nilikuwa karibu nao, nikamsikia akimnong'oneza: "Tapatapa, Feruzi. Kidogo tu. Watairuhusu dawa, tutarudi nyumbani."

"Nikitapatapa, dada, watasema tuo inawatapatapisha watu. Watampa kila mtu ili atapatape." Akatabasamu. "Wewe simama hapa ninapokuona."

Akashuka. Maji yakampita kichwa, akaibuka, akapiga mkono mara moja, mbili. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akalala chali, akafungua mikono, akatulia. Masikio yake yalikuwa chini ya maji, uso juu. Mchanga ulikuwa unateremka kwenye chupa na hapakuwa na sauti ila ya makasia ya wale wazee yakikata hewa, shwa, shwa, na polepole hata hayo nayo yakapungua, kwa sababu ni vigumu kupiga kasia huku umeshika pumzi. Siwema alikuwa amepiga magoti ukingoni, mkono wake umenyooshwa juu ya maji, haufiki alipo Feruzi, lakini haukurudi.

Mchanga ukaisha.

"Hakutapatapa," akasoma karani. "Dawa imeshindwa."

"Na hakuzama," nikasema. Sikuombwa kusema. Nilikwisha sema kwamba sijui kuficha.

Wakaniangalia wote. Karani akapekua sheria mbele na nyuma. Sheria ilimjua anayetapatapa na ilimjua anayezama. Huyu wa tatu haikuwa imewahi kukutana naye.

Walitaka kumwopoa kwa fito, lakini Feruzi aligeuka upande, akaja mwenyewe mpaka kwenye mkono wa dada yake, naye akamvuta. Alipokwisha kutema maji, Mwenyekiti akafanya jambo ambalo, nilivyoambiwa baadaye, halijawahi kufanyika pale. Alimuuliza mgonjwa.

"Wewe. Kwa nini hukutapatapa?"

Feruzi alikuwa akijifuta uso kwa kanga ya dada yake. Alilitazama swali lile kana kwamba jibu lake liko wazi mno.

"Dada alikuwa pale," akasema.

Mikono ya Mwinyikondo ilizunguka mara moja zaidi, kwa mazoea tu. Kisha akakohoa, akatoa hukumu yake kwa sauti ya kiserikali kabisa: kwamba Baraza limesikia ushahidi wa mtu, lakini ushahidi wa panya haukukamilika, kwa kuwa panya hakuhojiwa; kwamba shauri linaahirishwa mpaka panya atakapofika mbele ya Baraza na kueleza kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini aliacha kuogelea; na kwamba, kwa mujibu wa sheria, katika muda wote wa kuahirishwa mgonjwa na dawa vitabaki kama vilivyokutwa.

Karani akaandika yote, hakutabasamu. Yule mzee mwembamba akauliza itachukua muda gani panya kujifunza kusema. Mwenyekiti akamjibu kwamba serikali ina subira.

Ilinichukua hatua kadhaa nje ya ukumbi kuelewa kwamba tumeshinda. Siwema alikwisha elewa mapema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za Baraza, mchana kweupe, mbele za watu, nduguye anamchuruzikia maji begani, na wote wawili wanalia. Wapita njia walipunguza mbio. Hakuna aliyeita askari. Bibi mmoja aliyevaa nguo za msiba alisimama, akawatazama sana, akaketi ngazi ya chini yao.

Nilibaki kwa Siwema siku chache, nikichambua mchele na kubishana na Feruzi kuhusu mambo ya dunia. Siku ya kuondoka kwangu, tulikuwa uani tunakunywa chai, mlango wa nyuma ukagongwa. Alikuwa Mheshimiwa Mwinyikondo, peke yake, kilemba kimelegea, mikono inazunguka.

"Nimekuja kukagua," akasema.

"Karibu, mheshimiwa," akajibu Siwema. "Utakagua nini?"

Mzee akakitazama kigoda kilichokuwa karibu na ungo. Alikitazama jinsi mtoto anavyotazama maji ya kina kirefu.

"Hicho," akasema.

Siwema akakivuta kigoda, akakipangusa kwa upande wa koti lake. Mzee akakisogelea. Mikono ilikuwa bado inazunguka, nikaona ameishiwa, uso wote umejaa jasho.

"Na mimi, binti yangu," akasema polepole, "nikiacha… utakuwepo?"

Siwema akanyoosha mkono.

"Nipo, baba," akasema. "Kaa."